Friji Mbovu Humla Maskini: Mazungumzo kuhusu Baridi, Gesi na Viwango vya Serikali

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

Mlioko Palma, Quitunda, Quionga na Mocímboa da Praia. Mlioko Mueda na Nangade. Mliofika mbali hadi Metuge na Montepuez. Na ndugu zetu mliovuka mto Ruvuma: karibuni tukae pamoja. Anayetusomea maandishi haya kwa sauti pale kisimani au chini ya mwembe, naye tunamshukuru.

Leo tunazungumza habari ya friji, au geleira kama wengi wenu mnavyoita kwa Kireno. Najua kuna mama amecheka sasa hivi. Anasema, "Mimi nalala chini ya turubai, maji nayafuata na ndoo, umeme sina. Friji inanihusu nini?"

Mama, swali lako ni la haki, na tutalijibu kwanza. Ziko friji tatu zinazokuhusu hata kama huna hata moja.

Friji ya kwanza iko kituo cha afya. Chanjo ya surua ya mwanao inakaa humo. Sindano ya oksitosini, anayochomwa mama akishajifungua ili damu isimtoke kupita kiasi, nayo hutunzwa humo. Insulini ya mzee mwenye kisukari, vilevile. Dawa hizi zote hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Friji ikiharibika, dawa inabaki kwenye chupa, rangi yake ile ile, lakini nguvu yake imepungua au imekwisha. Mtoto anachomwa, analia, mama anarudi nyumbani ametulia moyo, na kumbe kinga haipo.

Friji ya pili ni ile ya barafu ufukoni. Mvuvi asiye na barafu hana sauti sokoni. Samaki wake wakishatoka majini, saa zinahesabika. Mnunuzi anajua, na bei anapanga yeye.

Friji ya tatu ni ile ambayo mtu atakuja kukuuzia. Wengi wenu mmeanza kurudi makwenu, na wengine mnasubiri. Anayerudi hutafuta biashara: kuuza maji baridi, juisi, barafu za mfuko, samaki. Na hapo ndipo atatokea muuzaji na friji kuukuu iliyotoka nchi za mbali, imepakwa rangi, inang'aa, bei yake nafuu. Je, ununue? Hilo ndilo litakalotuongoza leo.

Neno langu kubwa nalisema mapema, tulibebe hadi mwisho: viwango vya serikali kuhusu friji vinamlinda maskini kuliko tajiri. Tajiri akinunua friji mbovu, atanunua nyingine. Wewe ukinunua friji mbovu, imekula mtaji wako wote.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA KWANZA: GESI ILIYOMO NDANI

Friji haitengenezi baridi. Friji huondoa joto ndani na kulitoa nje. Ndiyo maana ukiweka mkono nyuma yake unahisi joto. Kinachobeba joto hilo ni gesi inayozunguka kwenye mabomba. Ile mashine nyeusi ya mviringo iliyo chini nyuma, kompresa, ndiyo inayoisukuma.

Zamani gesi iliyotumika zaidi iliitwa R12. Ilikuwa haiwaki moto, haina harufu, watu wakaipenda. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba ikivuja hupanda juu sana angani na kuharibu tabaka la ozoni. Tabaka hilo ni kama mwavuli: hutukinga na miale mikali ya jua inayoweza kuleta saratani ya ngozi na kuharibu macho. Tarehe 16 Septemba 1987, mataifa yalikubaliana mjini Montreal, Kanada, kuziondoa gesi hizo. Msumbiji ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuacha R12 na jamaa zake.

Mkataba ule umefanya kazi. Wanasayansi wanasema tabaka la ozoni linapona, na sehemu kubwa ya dunia litarudi lilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo karibu mwaka 2040.

Lakini palibaki tatizo. Gesi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza, kama R134a ya friji za nyumbani na R404A ya mashine kubwa za kugandisha, haziharibu ozoni, ila zinaongeza joto duniani. Kilo moja ya R134a ikivuja, kwa miaka 100 huongeza joto sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari. Kilo moja ya R404A ni sawa na karibu kilo 3,900.

Sasa sisi watu wa pwani tunajua maana ya joto. Bahari ikipata joto, kimbunga hupata nguvu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado. Ibo na Macomia mnakumbuka. Siku arobaini na kitu kabla yake, Idai ilikuwa imepiga Beira. Simwambii mtu kwamba friji moja ndiyo iliyoleta Kenneth. Nasema kwamba joto linajazwa kidogo kidogo na vitu vingi, na gesi za friji ni kimojawapo. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa mabaya.

Kwa hiyo mwezi Oktoba 2016 mataifa yakakutana tena, mara hii Afrika, mjini Kigali, Rwanda. Wakakubaliana kuzipunguza gesi hizi nazo. Msumbiji iliridhia makubaliano ya Kigali mwaka 2020. Kwa nchi kama yetu ratiba iko hivi: kuanzia mwaka 2024 matumizi yasizidi kiwango kilichowekwa, mwaka 2029 yapungue kwa asilimia 10, na ifikapo mwaka 2045 yawe yamepungua kwa asilimia 80.

Je, tutapoza kwa nini? Zipo gesi nyingine. Kwa friji ya nyumbani ipo R600a, jina lake isobuteni, ndugu wa gesi ya kiberiti cha kubonyeza. Ipo R290, yaani propeni. Na kwa viwanda vikubwa vya barafu ipo amonia, inayotumika tangu karne ya 19. Hizi haziharibu ozoni, na joto zinaloongeza ni dogo sana. Friji za R600a zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1993, na leo ziko madukani karibu kila nchi.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA PILI: SERIKALI INAINGIAJE

Wapo wanaouliza, serikali ina kazi gani kwenye friji? Si kila mtu anunue anachotaka?

Tuangalie Ghana. Kwa miaka mingi Ghana ilipokea friji kuukuu kutoka Ulaya kwa maelfu. Zilikuwa bei rahisi, watu wakafurahi. Lakini zilipopimwa, friji nyingi majumbani zilikutwa zinakula umeme zaidi ya yuniti 1,000 kwa mwaka. Friji mpya nzuri ya ukubwa ule haifiki nusu ya hapo. Maana yake mwenye friji ya bei rahisi alikuwa analipa zaidi kila mwaka kwenye bili ya umeme, bila kujua. Serikali ya Ghana ikapiga marufuku uingizaji wa friji kuukuu, na kuanzia mwaka 2013 ikaanza kuikazia marufuku hiyo bandarini. Lakini haikuishia kukataza. Ilianzisha mpango wa kubadilishana: peleka friji yako mbovu, upunguziwe bei ya mpya yenye kiwango. Hapo ndipo sheria na msaada vilipokwenda pamoja. Kukataza peke yake kungemwacha maskini bila kitu.

Kenya nayo mwaka 2016 ilitunga kanuni kwamba friji inayouzwa iwe na kibandiko chenye nyota. Nyota moja inakula umeme mwingi, nyota tano inakula kidogo. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuhesabu nyota. Rwanda mwaka 2019 ilitoa mkakati wa taifa wa upozaji, ukiwa na viwango vya friji na viyoyozi pamoja na njia za kuwasaidia wananchi kupata vilivyo bora.

Kwetu Msumbiji, mwaka 2008 serikali ilitoa amri ya kusimamia gesi zinazoharibu ozoni. Ipo taasisi ya taifa ya viwango na ubora, INNOQ. Upo mfuko wa nishati, FUNAE, ulioanzishwa mwaka 1997, unaopeleka sola mahali ambapo nguzo za EDM hazijafika. Na mwaka 2018 serikali ilizindua mpango wa Energia para Todos, umeme kwa wote ifikapo mwaka 2030. Nchi za SADC na za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zimekuwa zikiandaa viwango vya pamoja vya friji, ili mashine iliyokataliwa bandari moja isiingilie bandari nyingine.

Nayo hatari hiyo si hadithi. Nchi zilizoendelea zikibadilisha friji zao, zile kuukuu zinakwenda wapi? Zinakwenda mahali ambapo hapana anayekagua. Na mahali palipopita vita, ambapo ofisi zilifungwa na soko linaanza upya, ukaguzi ndio wa mwisho kurudi. Ndiyo maana tunasema na wewe, ndugu msikilizaji. Mkaguzi akiwa bado hajafika, macho yako ndiyo mkaguzi.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TATU: FRIJI YA KITUO CHA AFYA

Turudi kwenye dawa. Mwaka 2020, kituo cha umeme cha Awasse kilipoharibiwa, wilaya za kaskazini zilikaa miezi mingi bila umeme wa gridi. Friji inayotegemea waya ilikufa siku hiyo hiyo. Friji inayotegemea jenereta ilikufa siku mafuta yalipokwisha.

Kwa ajili ya mahali kama hapa kuna friji za chanjo zinazotumia jua moja kwa moja, bila betri. Mchana paneli inaendesha kompresa, nayo inagandisha maji au kitu kingine kilichofungwa ndani ya kuta za friji. Usiku, ile barafu ndiyo inayotunza baridi. Baridi inawekwa akiba kwenye barafu badala ya umeme kuwekwa akiba kwenye betri. Betri hufa baada ya miaka michache na ni ghali kuibadilisha, barafu haizeeki.

Kazi hii ilisukumwa mbele na watu wengi. Mwaka 2001 UNICEF, WHO, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, Greenpeace na wenzao walianzisha mradi ulioitwa SolarChill: friji ya jua, isiyo na betri, yenye gesi isiyodhuru hewa, na ufundi wake usiwe siri ya mtu mmoja. Baadaye mradi huo ulifika Kenya na Eswatini. Leo kampuni kadhaa zinatengeneza friji za namna hii.

WHO ina orodha ya friji za chanjo zilizopimwa na kukubaliwa. Kipimo kimojawapo ni hiki: friji ya jua isiyo na betri itunze baridi yake angalau siku 3 bila jua, na nje kuna joto kali. Hicho ndicho kiwango. Friji ya kawaida ya nyumbani haipaswi kutunza chanjo, hata ikiwa mpya na nzuri, kwa sababu baridi yake hupanda na kushuka. Na kumbuka, baridi kupita kiasi nayo ni adui. Chanjo ya surua huharibiwa na joto, lakini ya pepopunda na ya homa ya ini huharibika zikiganda.

Wewe mama, wewe mzee wa kamati, unaweza kufanya nini?

Kwanza, uliza. Muulize muuguzi kwa adabu, "Binti yangu, friji yetu inafanya kazi? Leo ilisoma nyuzi ngapi?" Muuguzi mwema hachukii swali hilo. Kipimajoto kinapaswa kusomwa na kuandikwa kila siku.

Pili, tazama chupa. Chanjo nyingi zina alama ya duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Mraba ukiwa na rangi sawa na duara au mweusi zaidi, chanjo hiyo haitumiki tena. Muuguzi anaijua alama hii. Nawe ukiijua, mnakuwa walinzi wawili.

Tatu, linda paneli. Tawi la mwembe likiifunika, friji inakufa njaa. Vumbi likijaa, vilevile. Vijana wa kamati wakate tawi, wafute vumbi asubuhi kwa kitambaa cha maji.

Nne, na hili ni zito: usichomeke simu. Najua kambini chaji ni shida, na ile paneli ya zahanati inavutia. Ikiwa friji haikutengenezwa na tundu lake la simu, umeme unaouvuta ni baridi unayomwibia mtoto.

Na kwa wenye kisukari nina habari njema. Madaktari wa MSF pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Waliona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakaiweka insulini kwenye joto la namna hiyo kwa wiki 4, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba nguvu yake ilibaki. Kwa hiyo usiitupe insulini yako kwa sababu huna friji, wala usiache kuitumia. Zungumza na muuguzi kwanza. Itunze kivulini, ndani ya mtungi wa udongo ulioloweshwa, ikiwa imefungwa isiingie maji. Ila jueni, mtungi hupoza vizuri zaidi bara penye hewa kavu. Hapa pwani hewa ina unyevu, na mtungi hufanya kazi kidogo. Ni bora kuliko bati la moto, lakini si friji.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA NNE: BARAFU YA SAMAKI

Sasa wavuvi. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wavuvi wanajua kwamba hiyo ni kweli ndani ya kapu.

Katika nchi za joto hesabu ya kawaida ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Barafu ikiwa chini ya hapo, utakuwa umewalowesha tu. Kabla hujafikiria friji, fikiria sanduku. Sanduku zuri lenye kuta nene na kifuniko kinachobana hutunza barafu kutwa nzima. Sanduku bovu huimaliza kabla hujafika ufukoni. Sanduku halitaki umeme, halitaki gesi, halitaki fundi. Kwa mtu anayeanza upya, hapo ndipo fedha ya kwanza ingeenda.

Mashine ya barafu ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja. Hapo wavuvi muunganike. Mnayo mabaraza yenu ya wavuvi, yale ya CCP. Pelekeni ombi lenu ofisi ya wilaya inayoshughulikia uchumi, SDAE, mkiwa kundi. Na wafadhili wakija kusema, "Tunawaletea mashine ya barafu," msipige makofi tu. Ulizeni maswali manne. Inatumia gesi gani? Kwa siku inakula umeme kiasi gani, na umeme huo utatoka wapi? Fundi wake yuko wapi, Palma, Pemba au Maputo? Vipuri vitanunuliwa na nani mwaka wa pili?

Swali la gesi lina faida ya mfukoni. Mashine nyingi kuukuu za barafu na viyoyozi hutumia R22. Gesi hiyo inaondolewa duniani: nchi zinazoendelea zimekubali kwamba kufikia mwaka 2030 itakuwa imebaki kidogo sana, ya kuhudumia mashine za zamani tu. Anayekuletea leo mashine ya R22 anakuletea mgonjwa ambaye dawa yake inakwisha dukani. Itavuja siku moja, na mtungi wa gesi utakuwa ghali au haupo. Mashine itageuka kiti cha kuku.

Na dagaa wakizidi barafu, msisahau ujuzi wa wazee: chumvi, jua na kichanja. Ng'onda haikuhitaji friji tangu enzi za babu.

(Muziki mfupi.)

SEHEMU YA TANO: KABLA HUJATOA FEDHA

Umepata fedha kidogo, unataka friji ya biashara. Fanya hivi.

Zunguka nyuma ya friji au fungua mlango utafute kibandiko kilichoandikwa herufi R na namba. Ukiona R600a, ni vizuri. Ukiona R134a, ni ya kizazi kinachoondoka; ikiwa mpya itakufaa miaka kadhaa, lakini isiuzwe kwa bei ya ile nyingine. Ukiona R12, achana nayo. Ukikuta kibandiko kimekwanguliwa, basi kilichofichwa ndicho ulichotaka kujua.

Angalia umeme. Kibandiko hutaja yuniti kwa mwaka au kwa siku. Friji inayokula yuniti 1,000 kwa mwaka ni karibu yuniti 3 kila siku. Piga hesabu na Credelec yako: ni soda ngapi utauza ili ulipe hizo tu? Na kama ni ya sola, paneli utakazohitaji kwa friji mlafi zitakugharimu kuliko friji yenyewe.

Iwashe mbele ya muuzaji. Usikubali, "Ukifika nyumbani itapoa." Ikisafirishwa kwa lori au mashua, isimame wima, kama ililazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Sasa usalama, na hapa sikilizeni kwa makini. R600a inawaka moto. Iliyomo kwenye friji ya nyumbani ni kidogo, gramu 150 ndio kikomo, na mara nyingi ni chini ya 100. Ikiwa ndani ya mabomba haina shida. Hatari inaanza fundi asiyejua anapochomelea bomba gesi ikiwa bado imo. Kwa hiyo friji ya R600a itengenezwe na fundi aliyefundishwa, mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Usimruhusu fundi yeyote kujaza friji kwa gesi ya mtungi wa jikoni; ile si safi, na ina unyevu na mchanganyiko. Wala usimruhusu kutia R600a kwenye friji iliyoandikwa R134a. Kila friji inywe maji yake.

Vijana mnaotafuta kazi, hapa pana mlango. Mafunzo ya mafundi wa friji ni sehemu ya msaada ambao nchi hupewa chini ya Mkataba wa Montreal, kupitia mfuko maalumu wa mataifa. Ukisikia mafunzo yametangazwa na serikali au chuo cha ufundi, nenda ukajiandikishe. Friji za gesi hizi zinaongezeka, na anayejua kuzitengeneza bila kujilipua atakula kwa mikono yake.

Na friji iliyokufa? Usikate mabomba kwa ajili ya shaba. Gesi yote inatoka hewani kwa pumzi moja. Usichome povu la ndani, moshi wake ni sumu. Na siku hiyo hiyo ng'oa mlango. Watoto hucheza kujificha, na friji yenye mlango ikijifunga huwa kaburi.

(Muziki unapanda kidogo, unashuka.)

KWA KUMALIZIA

Ndugu wasikilizaji, hatukusema leo kila mtu anunue friji. Tumesema baridi ni haki ya mtoto wa chanjo, ya mama anayejifungua, ya mzee wa kisukari, na ni nguvu ya mvuvi sokoni. Baridi hiyo ikipatikana kwa mashine mbovu, haidumu. Ikipatikana kwa mashine yenye kiwango, inaokoa maisha, inaokoa fedha, na haiongezi joto la bahari ile ile inayotupiga.

Serikali imesaini mikataba. Mikataba hiyo ni ahadi kwako pia, wewe uliye chini ya turubai. Aliyehamishwa hakuhamishwa kutoka kwenye haki zake. Msaada ukija, usipimwe kwa idadi ya friji zilizoshushwa kwenye lori. Upimwe kwa friji zinazopoza mwaka wa tano.

Kwa hiyo tunawaachia kazi ndogo ya wiki hii. Kamati ya kambi au ya kijiji iende kituo cha afya, iombe ruhusa, isome kibandiko cha friji ya chanjo: gesi gani, jua au waya, kipimajoto kinaandikwa au hakiandikwi. Andikeni majibu kwenye karatasi. Mkikuta pengo, pelekeni karatasi hiyo ofisi ya afya ya wilaya na kwa shirika linalosaidia kituo chenu, mkisema kwa adabu na kwa sauti moja. Kuuliza si ujinga. Karatasi yenye majibu matatu ina uzito kuliko malalamiko ya watu mia.

Tunawatakia usiku wa amani, samaki wengi na barafu ya kutosha. Walio njiani wafike salama.

(Muziki wa kufunga.)